Nishani na Daraja Zake

Wazee walisema, Mcheza kwao hutunzwa. Maneno haya ni machache, lakini ndani yake mna mambo matatu: yuko achezaye, yuko atunzaye, tena uko uwanja ambao wote wawili ni wenyeji wake. Atunzaye hutoa kwa sababu ameiona ngoma kwa macho yake, wala hakusimuliwa. Leo twapenda kulishika neno hili liwe kipimo chetu, tuipime nishani moja iliyokuwa na sifa kubwa katika nchi hii zamani za utawala wa Waingereza, yaani Nishani ya Milki ya Uingereza.

Huenda msomaji wetu wa Segese akauliza: Ya nini kutushughulisha na vipande vya fedha na tepe za rangi, vilivyovaliwa na watu ambao wengi wao wamekwisha kufa? Twamjibu kwamba nishani ile haitolewi tena na serikali ya nchi hii, bali desturi ya kuwapanga watu daraja kwa daraja tumebaki nayo, nayo huonekana katika mikutano yetu na hata katika kuta za shule zetu. Tena, kitu chochote kilichobuniwa na akili za watu, kikapewa umbo, rangi na maneno, chaweza kusomwa kama kitabu kinavyosomwa, na kusifiwa au kulaumiwa kwa haki.

Kwanza tueleze nishani yenyewe ni nini. Iliwekwa na Mfalme George wa Tano tarehe 4 Juni 1917, wakati Vita Kuu ya kwanza ilipokuwa ikiendelea. Kabla yake Waingereza walikuwa na nishani nyingine za kale. Ile ya Garter, iliyowekwa karibu na mwaka 1348, ilikuwa ya mfalme na mabwana wachache mno. Ile ya Bath, ya mwaka 1725, iliwaendea majemadari na wakuu wa serikali. Ile ya Mtakatifu Mikaeli na Mtakatifu George, ya mwaka 1818, ikawa hasa ya mabalozi na magavana wa makoloni. Lakini vita ile ilileta kazi nyingi zisizo za bunduki: kutengeneza risasi viwandani, kuuguza majeruhi, kukusanya chakula, kuandika hesabu. Watu waliozifanya hawakuwa mabwana, wala wengi wao hawakuwa askari. Kwa ajili ya hao Mfalme aliweka nishani mpya.

Daraja zake ni tano. Ya kwanza ni ya wenye Msalaba Mkuu. Ya pili ni ya makamanda wakubwa. Na wenye daraja hizi mbili, wakiwa raia wa mfalme, huitwa Sir kwa mwanamume na Dame kwa mwanamke. Ya tatu ni ya makamanda wa kawaida, ya nne ni ya maofisa, na ya tano ni ya wanachama. Hao wa daraja tatu za chini hawaitwi Sir. Huandika tu herufi zao baada ya jina: CBE, OBE, au MBE. Chini ya wote iliwekwa medali, ambayo mwenye kuipata hakuhesabiwa kuwa mmoja wa chama. Utepe wake hapo kwanza ulikuwa wa zambarau, na katikati ya nishani palikuwa na sura ya mwanamke aliye mfano wa Uingereza. Mwaka 1937 utepe ukawa wa rangi ya waridi wenye kingo za kijivu, na sura ikawa ya Mfalme George wa Tano na Malkia Mary. Maneno yaliyoandikwa juu yake, tukiyafasiri, ni haya: Kwa Mungu na kwa Milki.

Si haki kuanza na lawama. Nishani hii ina mambo mema, na tuyataje. Tangu siku yake ya kwanza iliwapokea wanawake sawasawa na wanaume, jambo ambalo nishani za kale zilikuwa hazijalifanya kwa upana kama huo. Tena ilimfungulia mlango muuguzi, karani, mwalimu na fundi, watu ambao wafalme wa zamani hawakuwatazama. Na hata hapa kwetu ilimfikia mtu aliyestahili kuliko wengi. Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962, mtunzi ambaye vitabu vyake vimewafundisha Kiswahili chema wana na wajukuu wetu, aliivaa nishani hii. Asemaye kwamba kila aliyevaa alikuwa kibaraka wa wageni amesema neno jepesi mno, wala hatukubaliani naye.

Lakini hapo hapo kwa Shaaban Robert ndipo aibu ya daraja zile ionekanapo. Alipewa daraja gani? Ya tano, iliyo ya mwisho. Kwa nini ya tano? Si kwa kuwa tenzi zake zilipimwa zikaonekana kuwa hafifu. Yeye alikuwa karani wa serikali kwa miaka mingi, na daraja ya tano ndiyo iliyolingana na kiti cha karani. Sasa mtazame mtu mwingine, Sir Edward Twining, gavana wa Tanganyika tangu mwaka 1949 hata 1958. Naye alipokuwa askari kijana alipewa daraja ile ile ya tano. Watu wawili hawa, basi, walisimama wakati mmoja juu ya kidato kimoja cha ngazi. Mmoja akapanda kutoka cheo hata cheo, akapewa daraja ya juu kabisa ya nishani ya Mtakatifu Mikaeli na Mtakatifu George, na mwaka 1958 akafanywa Lord. Mwingine alibaki palepale, ingawa kila mwaka kazi yake ilizidi kukua, na leo jina lake latajwa katika kila shule ya nchi hii. Ngazi ilikuwa moja, lakini kwa mmoja ilikuwa na vidato vingi, na kwa mwingine kidato cha kwanza kilikuwa ndicho cha mwisho.

Hili ndilo kosa la kwanza tunaloliona: nishani yadai kupima kazi, kumbe yapima kiti. Gavana hupewa ya gavana, katibu ya katibu, karani ya karani. Na mtu akitaka nishani kubwa zaidi, njia si kutenda jema zaidi, bali kupata ofisi kubwa zaidi. Tena kwa machifu wa Afrika iliwekwa medali ya Mfalme ya peke yake, ya fedha, na nyingine ya fedha iliyopakwa dhahabu, kana kwamba hata utumishi wa mtemi ni wa namna nyingine. Mtu akiyapanga mazao ya shamba hivyo, akasema mtama wa tajiri ni daraja ya kwanza na mtama wa maskini ni daraja ya tano kabla hajautia mkononi na kuutazama, tutamwambia kwamba hajui mtama.

Kosa la pili ni zito zaidi. Tulisema kwamba nishani iliwekwa mwaka 1917 ili kuwashukuru watu waliotumikia vita bila ya bunduki. Je, ni akina nani waliotumikia vita ile bila ya bunduki kuliko wapagazi wa nchi hizi? Mwaka ule ule wa 1917 wapagazi walikuwa wakikusanywa kwa maelfu, wengi kwa nguvu, kubeba unga, risasi na majeruhi katika misitu na mito ya kusini. Watu wa huku Unyamwezi na Usukuma walijulikana tangu zamani kwa kazi ya kubeba mizigo, nao hawakuachwa. Walikufa makumi ya maelfu, wengi wao kwa njaa, homa na kuhara, si kwa risasi. Jina la kikosi chao kwa Kiingereza likageuka katika vinywa vyetu likawa Kariakoo, na leo ni jina la soko la Dar es Salaam ambalo watu huliendea kununua vitenge na ndizi, wasikumbuke limetoka wapi.

Makosa haya sasa yamekirijiwa na wenyewe. Mwezi wa Aprili 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa, ikasema kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na wa Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao baada ya vita ile, au hawakukumbukwa kabisa. Tume ikaomba radhi. Twaipokea radhi hiyo. Lakini mhakiki hana budi kuuliza swali lake. Nishani yenye daraja tano na medali chini yake ilikosaje nafasi ya kumwandika aliyebeba? Jibu latoka katika umbo lake. Ngazi inaanzia mahali fulani, na chini ya kidato chake cha mwisho wako watu walioishika isianguke. Hao hawaandikwi, kwa maana hawako juu ya ngazi, wako chini yake.

Kosa la tatu limo katika yale maneno: Kwa Mungu na kwa Milki. Msomaji Mkristo na ayaangalie vizuri. Neno “na” ni dogo, lakini lina kazi kubwa hapa, kwa maana limewaweka wawili katika sahani moja. Mungu hana haja ya milki ili atumikiwe, na mtu aweza kuitumikia milki huku akimkosea Mungu. Ziungwapo hivyo, anayekataa moja ataonekana amekataa yote mawili. Wako waliokiona kitanzi hiki. Mtunzi wa Bara Hindi, Rabindranath Tagore, alipewa cheo cha Sir mwaka 1915. Askari walipowapiga risasi watu wasio na silaha katika mji wa Amritsar, Aprili 1919, alimwandikia mwakilishi wa Mfalme akakirudisha, kwa kuwa aliona haya kuvaa heshima ya mkono ule ule. Na mwaka 2003 mshairi Benjamin Zephaniah, mzaliwa wa Uingereza, alikataa daraja ya nne ya nishani hii, akisema kwamba neno Milki lamkumbusha utumwa wa wazee wake. Mwaka 2004 kamati ya Bunge la Uingereza ilishauri jina hilo libadilishwe. Halikubadilishwa.

Na sisi wa mkoa wa Shinyanga tuna mfano wetu wa jinsi heshima zilivyopanda na kushuka siku zile. Mwezi wa Oktoba 1947 katika mgodi wa Mwadui, uliokuwa mali ya Dokta John Williamson wa Kanada, ilipatikana almasi ya rangi ya waridi yenye uzito wa karati 54.5. Mwenye mgodi akampa Binti Mfalme Elizabeth iwe zawadi ya arusi yake. Ilipochongwa London ilibaki karati 23.6, na mwaka 1953 ikatiwa katikati ya ua la vito ambalo Malkia alilivaa kifuani miaka mingi. Jiwe lile laitwa Almasi ya Williamson hata leo. Hatusemi kwamba liliibwa. Lilitolewa na mtu aliyekuwa na haki ya kulitoa kwa sheria za wakati ule. Twasema tu, tazameni vifua viwili: katika kifua kimoja almasi kutoka udongo wa Shinyanga, na katika kifua cha mtemi wa huku kipande cha fedha chenye sura ya mfalme. Kazi ya mikono mingi ya wachimbaji ilifichwa katika jina la mtu mmoja, kisha shukrani ikarudi kwa watu wachache kwa kipimo cha mwenye kutoa.

Lakini tusiwalaumu Waingereza peke yao, kana kwamba sisi hatukupenda mambo haya. Sayyid Barghash wa Unguja, aliyetawala tangu mwaka 1870 hata 1888, alikwenda Uingereza mwaka 1875, naye akaweka nishani yake mwenyewe, Nyota Ing'aayo, yenye daraja zake. Sultani Khalifa bin Harub, aliyetawala tangu 1911 hata 1960, alivaa nyota hiyo pamoja na nishani za Waingereza, akapandishwa hata daraja ya kwanza ya hii tunayoihakiki. Mapinduzi ya Januari 1964 yalipokuja, Nyota Ing'aayo ikapoteza nchi yake kwa siku moja. Maana ilitundikwa katika kiti cha enzi, na kiti kilipoanguka nayo ilianguka. Watemi wa bara nao walivaa kibangwa, lile gamba jeupe la kome wa baharini, kuwa alama ya utemi. Nao wengi wao walikivaa kwa sababu ya ukoo, si kwa kazi.

Hata hivyo, yako mambo ya kwetu ambayo yafaa yawekwe mbele ya nishani ile tuone tofauti. Katika Usukuma wa zamani alikuwapo mkuu wa vijana aliyeitwa nsumba ntale. Vijana walimchagua wenyewe, kwa kuwa walikuwa wamelima naye na kujua jasho lake. Naye alisimamia kazi za pamoja mashambani. Hakupewa cheo na mtu wa mbali aliyesoma jina lake katika orodha. Kadhalika tazameni mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu. Vikundi viwili hucheza katika uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na watu huhama kutoka huku kwenda kule. Kikundi chenye watazamaji wengi ndicho kishindacho. Hapo hapana daraja tano, wala hapana barua kutoka ng'ambo. Mtu hutoa hukumu kwa miguu yake. Huo ndio uwanja wa methali yetu, na mbele yake nishani ya mfalme yaonekana kuwa tuzo iliyotolewa na mtu asiyeiona ngoma.

Baada ya uhuru wa mwaka 1961 nchi yetu iliziacha nishani za mfalme. Mwaka 1963 sheria ya utawala wa machifu ikafutwa. Watu wakaanza kuitana Ndugu, na Rais wa kwanza, Julius Nyerere, akaitwa Mwalimu, jina ambalo halina daraja juu yake wala chini yake, tena lataja kazi na si kiti. Jamhuri imeweka nishani zake yenyewe, kama ile ya Mwenge wa Uhuru na ile ya Muungano, na ni vema nchi kuwashukuru watu wake. Lakini nazo zimepewa daraja, ya kwanza na ya pili na kuendelea. Basi lile swali la Shaaban Robert na Twining halijafa: anayekaa juu, je, amewekwa juu kwa alilolitenda au kwa kiti alichokikalia?

Swali hilo lashuka hata kwetu Segese, na hapa ndipo tunapotaka wasomaji wetu walitafakari kwa makini. Nchi yetu ni nchi ya dhahabu. Mwenye duara lililotoa vizuri huja katika harambee ya shule, akatoa fedha nyingi kwa mara moja, nasi twamshukuru, maana fedha zake zaezeka paa. Lakini tuangalie jinsi tunavyosoma karatasi ya michango. Huanza na fungu kubwa, kushuka hata dogo, na wa elfu moja husomwa mwisho, wakati watu wamekwisha simama kwenda zao, na mara nyingine msomaji husema tu, “na wengineo.” Mjane aliyeleta maji ya kukandia udongo siku kumi hasomwi kabisa, kwa kuwa maji hayana tarakimu. Kisha huja siku ya kufungua jengo. Katika ukuta huwekwa jiwe lenye jina la mgeni rasmi, aliyekuja asubuhi akaondoka mchana. Jina la fundi halipo. Majina ya waliofyatua matofali hayapo. Hiyo ni nishani yetu ya milki, tumejitengenezea wenyewe bila ya kuamrishwa na mfalme yeyote.

Tusidhani kwamba jambo hili ni la sifa tu. Kijana wa huku huona nani anayeitwa mbele na nani anayesahauliwa, naye hufanya hesabu yake. Akiona kwamba mkunga aliyewapokea watoto wa kijiji miaka thelathini hapewi kiti, na mwenye gari jipya apewa hata kabla hajaulizwa fedha imetoka wapi, ataiacha shule aende machimboni kabla ya umri wake. Na tutakapomkemea, hatutakuwa na neno la kumjibu, kwa maana ametusoma vizuri. Heshima ni mafunzo. Kijiji hufundisha watoto wake kwa kile inachokitunza, kuliko kwa yale yasemwayo na mwalimu darasani.

Kwa hiyo twashauri mambo matatu, nayo hayahitaji fedha. La kwanza, karatasi ya michango isomwe kwa majina ya vitongoji au kwa herufi, na kila jina litajwe pamoja na alilolitoa, liwe shilingi, tofali au ndoo ya maji. La pili, katika kila jengo la watu wote pawe na daftari, na mwalimu mmoja aandike ndani yake majina ya wote waliofanya kazi, siku kwa siku, kazi ikiwa bado yaendelea, maana baada ya mwaka mmoja hayatakumbukwa. Wapagazi wa 1917 hawakuandikwa wakati ule, na leo hata tume yenye fedha nyingi haiwezi kuyarudisha majina yao yote. La tatu, atakayetunzwa atajwe na wale waliofanya kazi naye, kama vijana walivyomtaja nsumba ntale, wala si na wakubwa waliokaa meza ya mbele.

Nishani ya Milki ilitengenezwa kwa ufundi mwingi, utepe wake ni mzuri kwa macho, na baadhi ya vifua ilivyopambwa vilistahili kupambwa. Twailaumu kwa kuwa ilimtazama mtu kutoka juu, na kutoka juu huonekana kofia tu, mikono haionekani. Msimu huu wa kiangazi shule nyingi za kata zetu zitajenga madarasa. Daftari la kurasa mia moja hununuliwa dukani kwa bei ndogo. Walimu na walinunue kabla tofali la kwanza halijawekwa.